Fuawe ni nini hasa? Daktari anaijua, fundi chuma haijui

BabaWawili

Wakuu salaam. Swali langu ni la lugha ila limeanzia hospitali. Kijana wangu wa miaka 9 anatoka usaha sikio la kushoto tangu yuko chekechea, unakauka unarudi, unakauka unarudi, matone tumeweka mpaka tumechoka. Mwezi uliopita tukapewa rufaa kwa daktari wa masikio, dogo akapigwa picha, tukakaa kusikiliza majibu. Daktari akasema nyundo ipo, kikuku kipo, ila fuawe imelika. Mimi nikatikisa kichwa kama nimeelewa kumbe nimetoka kapa. Nyundo naijua, kikuku nakijua, fuawe sijawahi kuisikia popote na Kiswahili ndo nimekulia.

Kamusi ya shemeji yangu ikasema ni kile chuma ambacho mhunzi anaweka chuma kingine juu yake akigonga. Sawa. Kesho yake nikapita kwa mafundi wanaotengeneza majembe na mapanga karibu na stendi, kuna mzee pale yuko kwenye kazi hiyo miaka na miaka, nikamwambia mzee wangu shikamoo, naomba kuiona fuawe. Akanitazama. Akawauliza wenzake, nao wakaulizana. Hakuna anayeijua. Na muda wote huo alikuwa ameikalia! Kipande cha reli kama mkono hivi kimechimbiwa kwenye gogo, wakipumzika kinageuka kigoda. Wao wanaita reli, basi, yaani "lete hapa kwenye reli", "gongea kwenye reli".

Sasa naombeni mnisaidie, hili neno watu wanalitumia kweli au liko kwenye kamusi na hospitali tu? Na mfupa wa sikio umefikaje kuitwa kitu cha mhunzi? Kwenu mnaitaje?

Mchovu_wa_Mbagala

Mkuu mimi fuawe siijui ila kufulia nakujua vizuri sana, nimefulia tangu Januari na hakuna dalili ya kuanuliwa

Pole kwa dogo lakini

Fundi_Tindo

Mleta mada huyo mzee hajakosea. Nimesoma ufundi chuo, darasani mwalimu alikuwa anasema anvili, siku ya kwanza ya kazi bosi akaniambia nipeleke kile chuma kwenye reli na mimi nikaanza kutafuta reli ya treni. Fuawe nimeisikia ukubwani. Wengine wanasema tu chuma cha kugongea.

Ila niwaambie kitu kuhusu reli maana naona watu wanaidharau. Reli ni pua, yaani chuma kigumu cha steel, yenye kaboni nyingi, imetengenezwa ipitiwe na treni miaka na miaka, kwa hiyo ni ngumu na haibonyei ovyo. Shida ni kwamba wengi wanailaza. Ukiilaza, shingo yake ni nyembamba, ukigonga juu inanesa kidogo na nguvu yako inaishia hapo, unachoka bure, na kelele zake utajuta, kengele kabisa. Isimamishe wima, chimbia kwenye gogo zito, ugongee kwenye kichwa cha ile ncha. Eneo linakuwa dogo, sawa, lakini uzito wote wa chuma uko moja kwa moja chini ya nyundo. Reli za zamani huku kwetu nyingi ni kati ya kilo 25 na 45 kwa mita, kwa hiyo ukipata ya mita moja ukaisimamisha una fuawe ya maana kabisa.

Fuawe ya kiwandani yenyewe ina pembe upande mmoja ya kukunjia duara, ina tundu la mraba la kuchomeka tindo na vifaa vingine, ina tundu dogo la duara la kutobolea, na uso wake wa juu umetiwa ugumu. Kuijua nzima au imekufa ni rahisi, chukua gololi ya beringi idondoshe juu. Ikiruka karibu irudi ilikotoka nunua. Ikidunda kivivu kama mpira wa soksi achana nayo, labda iliwahi kuungua moto ugumu ukatoka.

Na reli msinunue bila karatasi jamani, hiyo ni kesi ya kuhujumu miundombinu, usije ukaenda kufulia chuma jela.

Jamaa_wa_Kamukunji

Sasa wasee. Mimi niko Nairobi, Kamukunji, hapa jua kali. Ukiingia hapa huwezi sikia simu yako ikilia, ni masanduku ya shule, karai, jiko, wilibaro, kila mtu anagonga chake kutoka asubuhi mpaka jioni. Hapa pia ni reli. Wengine wako na eksel ya lori imesimamishwa kwa simiti, wengine paipu nene ya kukunjia bati, hiyo ya bati haihitaji uzito sana. Fuawe hiyo tulifunzwa shule kwa Kiswahili, kwa ile orodha ya vifaa vya ufundi na wafanyakazi, mhunzi ni nani, sonara ni nani, halafu mtihani ukaisha na hatukuiskia tena 😂

Kwa Kikuyu mtu wa kufua chuma ni mũturi. Ndio maana kuna watu wengi wanaitwa Muturi, babu wa babu alikuwa kwa hii kazi.

Na hiyo maneno ya skrepa ni kweli, 2022 hapa Kenya serikali ilipiga marufuku biashara ya vyuma kuukuu miezi kadhaa juu watu walikuwa wanakata mpaka nguzo za stima. Jua kali tuliteseka, malighafi yetu ni hiyo hiyo.

Mwl_Mstaafu_Tanga

Wanangu hamjambo. Neno ni zima kabisa, na mama yake mnaye kila siku mdomoni.

Kitenzi ni kufua, na ndani yake mna kupiga. Unafua chuma, unakipiga kikiwa moto mpaka kinyooke. Unafua nguo, na wenye umri wangu wanakumbuka mtoni nguo ilikuwa inapigwa juu ya jiwe, siyo kusuguliwa kwenye beseni kama sasa. Huku kwetu pwani unafua nazi, unaisukumiza kwenye kifuo, yaani ule mti au chuma chenye ncha kilichosimikwa chini, unazungusha na kukandamiza mpaka kumbi linatoka. Hapo ndipo ukaja usemi wa fulani hafui dafu mbele ya fulani. Huyo kijana wa Mbagala naye akasema amefulia, ni watoto wa mama mmoja hao, ingawa huyo wa Mbagala ni mtoto wa juzi. Na Muturi wa Wagikuyu namwona ni binamu yetu, wao wameshika t pale ambapo sisi tuna f.

Sasa fuawe. Hili nalisema kwa hoja yangu mwenyewe, msije mkaninukuu kama kamusi. Mimi naona mwishoni mle mna jiwe. Jiwe, mawe, ukitoa viambishi kinabaki -we. Fua-we, jiwe la kufulia. Na mkitaka kujua kwa nini jiwe, basi nendeni Upare na Usambaa mkaulize habari za Washana, wale wa ukoo wa uhunzi (mkikutana na mtu anaitwa Mshana ndo huko). Mhunzi wa zamani hakuwa na reli wala anvili ya Mzungu. Alikuwa na jiwe kubwa gumu amelichimbia chini, anaanza kugonga kwa nyundo ya jiwe, na akifika kwenye kazi ya kumalizia ndipo anashika nyundo ya chuma. Mivukuto pembeni, koleo, maji. Kwa hiyo fuawe ya kwanza haikuwa chuma hata kidogo, na huyo mzee wa stendi amebadilisha jiwe akaweka reli, basi na jina likabadilika.

Wasomaji wa Biblia waangalie Mwanzo 4:22, yupo Tubal-Kaini na vyombo vyake vya shaba na chuma. Waislamu nao wanaijua habari ya Nabii Daud kulainishiwa chuma.

kasheshe_ya_mjini

mwalimu shikamoo, na kifua je? nacho kinapigwapigwa? maana kifuo umesema ni cha nazi, mimi nikawaza kifua nacho kitakuwa humo humo, mtu akijisifu si anajipigapiga kifua

Mwl_Mstaafu_Tanga

Marahaba. Umefikiri vizuri ila hapana. Waganda wanasema ekifuba, unaiona hiyo b? Kwetu imedondoka tu njiani. Kwa hiyo kifua kina asili yake nyingine, kimefanana na kufua kwa bahati.

Umeme_Umekatika_Tena

Mmesahau kufua umeme!! Kila taarifa ya habari "mitambo ya kufua umeme". Bwawa la Nyerere kule Rufiji ni megawati 2,115, mashine 9 kila moja 235. Sasa pale nani anapiga nini? Maji yanazungusha pangaboi, hakuna nyundo hakuna fuawe. Mimi siku zote naona ni Kiswahili cha wizarani tu, mbona Kenya wanasema kuzalisha na umeme unatoka vilevile (kwetu ndo hautoki hata tukiufua)

Fundi_Tindo

@Umeme_Umekatika_Tena mbona inaeleweka, chuma ghafi hakina kazi mpaka kifuliwe, maji ya mto nayo hayawashi taa mpaka yapitishwe kwenye mtambo. Mtu amechukua neno la karakana akalipeleka bwawani. Mi nalipenda kuliko kuzalisha, kuzalisha ni kama mbuzi

Nesi_Kitengo_cha_ENT

Baba pole sana. Mimi nafanya kazi kwenye kitengo cha masikio, pua na koo, naomba nijibu lile la mfupa kwanza maana naona watu wamehamia kwenye mabwawa.

Nyuma ya ngoma ya sikio kuna kachumba kadogo chenye hewa, na humo kuna mifupa mitatu imeshikana kama mnyororo. Wa kwanza umeshikamana na ngoma yenyewe, una kichwa na mpini, ndo nyundo. Wa tatu ni kikuku, ila siyo kikuku cha mguuni, ni kile cha kuwekea mguu ukipanda farasi, ukikiona kwa darubini huwezi kubisha, kimefanana vile vile. Hicho ndo mfupa mdogo kuliko yote mwilini, milimita 3 hivi. Katikati yao ndo fuawe, kwa sababu kichwa cha nyundo kimeikalia. Waliowapa majina ni wataalamu wa Ulaya wa zamani, kwenye Kilatini ni nyundo, fuawe na kikuku hivyo hivyo, sisi tumefasiri tu. Ila kusema ukweli nyundo haiigongi fuawe. Zimeungana kwa kiungo, zinatikisika pamoja, sauti ikitikisa ngoma mtikisiko unapita nyundo, fuawe, kikuku, unaingia kwenye sikio la ndani lenye maji. Bila huo mnyororo sauti nyingi ingerudi ilikotoka, kama unavyomwita mtu aliyezama majini, hakusikii vizuri.

Sasa kwa nini ya mwanao imelika fuawe na siyo nyingine. Fuawe ina mkono mmoja mrefu mwembamba unaoning'inia kwenda kushika kikuku, na mkono huo damu yake ni haba. Usaha ukikaa muda mrefu pale ndo panapoanza kuliwa kabla ya penginepo. Tunawaona wengi, kwa hiyo usijilaumu.

Kuna upasuaji wa kurekebisha. Mara nyingine daktari anaitoa hiyo hiyo fuawe iliyobaki, anaichonga, anairudisha katikati ya nyundo na kikuku ili mnyororo uungane. Mara nyingine anaweka kipandikizi. Inategemea alichokikuta huko ndani, na kwanza usaha ukauke, hilo usilichezee. Asiingize maji sikioni, akioga aweke pamba yenye mafuta ya mgando, na msichokonoe na njiti.

Jambo moja huwa linanishangaza mpaka leo, hii mifupa mtoto anazaliwa nayo ikiwa na ukubwa wa mtu mzima. Haikui tena. Fuawe ya kichanga wa leo asubuhi na yako wewe baba ni saizi moja.

BabaWawili

Nesi Mungu akubariki, hii ya damu haba sikuambiwa. Au niliambiwa nikawa natikisa kichwa.

Nahodha_Ziwani

Niongeze fuawe ya tatu ambayo hamjaitaja. Niko Mwanza, kwenye semina moja ya usalama majini jamaa wa hali ya hewa alituonyesha picha ya wingu la radi, lile linalosimama kama mlima halafu juu linatandaza kichwa kuelekea upande mmoja, bapa kabisa kama limepigwa randa. Akasema hilo nalo kwa wataalamu linaitwa wingu la fuawe, kwa sababu kwa mbali lina umbo la ile fuawe ya kizungu yenye pembe. Wavuvi hatuliiti hivyo. Tunasema tu wingu limefungua kichwa, tuondoke.

Alivyotueleza ni kwamba hewa ya joto inapanda, inapanda, mpaka inafika pahali ambapo juu yake kuna tabaka linaloizuia, huku kwetu karibu na ikweta ni kilomita 16 au 17 hivi kwenda juu. Haiwezi kupita kwa hiyo inatanda, kama moshi wa kuni ukifika kwenye dari ya jiko. Kule juu ni barafu tupu. Ile pembe inaelekea unakoenda upepo wa juu, kwa hiyo ukiona imekunyooshea wewe, jua habari zinakuja.

Ziwa Victoria hili baya zaidi usiku. Mchana nchi kavu inachemka na ngurumo nyingi zinakuwa huko nchi kavu, usiku nchi inapoa ziwa linabaki na joto lake, upepo unashuka kutoka pande zote kuingia ziwani, unakutana katikati, hapo ndo linafumuka. Na usiku ndo tuko na taa zetu za dagaa. Usiku huwezi kuona pembe wala nini, unaona tu nyota zinazimika upande mmoja moja moja halafu radi inamulika ndani ya wingu. Mdogo wangu aliniambia ngoja tuvute wavu wa mwisho, nikamwambia kata kamba. Wavu ulipotea, sisi tukafika.

Tshituka_Lubum

Jambo bote. Mi niko Lubumbashi. Huku kwetu, kwa Baluba, nyundo ni ile ya kupigia na ile ya chini pia, ni chuma kimoja kizito kiko na ncha, unakichoma mu udongo ao mu mti inakuwa ya chini, unakitosha unakishika mu mukono inakuwa ya kupigia. Jina moja tu. Njo mana ile neno yenu ya fuawe hatuna.

Na ile kintu ilikuwa ya bufalme. Zamani mufalme wa Baluba akisimikwa ilikuwa lazima kupiga nyundo, ni desturi, juu hadisi inasema ni Kalala Ilunga, mufalme wetu wa zamani, njo alileta akili ya kufua chuma. Bamama ba zamani banachomeka mu nywele tusumari tudogo twa chuma twenye kufanana na ile nyundo. Sasa ukitaka kutuona unaenda mu mizeo ya Bulaya, bashatubeba.

Kifaransa ni enclume, na ya mu sikio vile vile enclume. Munganga akinisemea enclume naelewa mara moja, akinisemea fuawe nitamuomba arudilie.

Mjukuu_wa_Reli

Duh huu uzi mtamu. Mimi nina fuawe ya kweli nyumbani, babu alifanya kazi karakana ya reli enzi za Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki, alipostaafu sijui waliuziana au alipewa, hatuulizi. Iko nyuma ya nyumba bibi anaanikia ubuyu. Ubavuni imeandikwa 1 2 10, nilidhani ni tarehe, tarehe 1 mwezi 2 mwaka wa 10. Ni ya 1910 au?

Fundi_Tindo

Ndugu hiyo siyo tarehe hiyo ni uzito!! Waingereza walikuwa wanagonga namba tatu. Ya kwanza unazidisha kwa ratili 112, ya pili kwa ratili 28, ya tatu ni ratili zenyewe. Yako ni 112 jumlisha 56 jumlisha 10, ratili 178, ni kama kilo 81. Toa ubuyu hapo haraka, dondosha gololi uniambie imeruka kiasi gani, na kabla hujamuambia mtu mwingine yeyote njoo PM

Jamaa_wa_Kamukunji

😂😂 PM tena. Ongea bei hapa hapa sisi pia tuko

kutoka_Bukoba

Mwalimu kataja Washana na wa Lubumbashi kataja Waluba, na sisi Wahaya tusisahaulike. Wazee wetu waliyeyusha chuma kando ya ziwa karibu miaka 2,000 iliyopita, chenye kaboni ya kutosha kuitwa pua. Miaka ya 1970 Peter Schmidt, mtafiti wa Kimarekani, alikwenda kuwaomba wazee waijenge tena ile tanuri ya udongo, wakaijenga kwa kukumbuka maana kazi yenyewe ilishaachwa muda mrefu baada ya chuma cha dukani kujaa. Kilichowavutia wale watafiti ni mirija ya udongo ya kupulizia, ilikuwa inaingizwa ndani sana ya tanuri kwa hiyo hewa inapata moto kabla haijafika kwenye mkaa. Yeye na mwenzake Avery wakaandika 1978. Haya endeleeni na bei zenu

BabaWawili

Mrejesho wakuu. Leo tulikuwa kliniki, usaha umekauka, tumeandikiwa kurudi baada ya miezi miwili ndo wapange upasuaji. Safari hii nilimuuliza daktari kama atatumia fuawe ya mtoto mwenyewe, akashangaa, akauliza na mimi ni wa idara gani.

Wakati wa kurudi nikapita tena kwa yule mzee wa stendi na dogo nimemshika mkono. Nikamwambia mzee shikamoo, ile kitu unayokalia ndo fuawe, na huyu hapa ana mbili, moja mbovu. Akacheka sana. Akamwita dogo akamsogeza karibu na sikio zima, akagonga reli mara moja kwa nyundo ndogo, "unasikia?" Dogo akasema nasikia. Akamgeuza upande mwingine akagonga tena. Dogo akasema nasikia kwa mbali, ila naisikia kwenye miguu.

Mzee akaniambia nikitoka hospitali nimpitishe tena.